Msaada wa gemu usiotoboa hadithi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaelekeze wachezaji wa gemu za hadithi namna ya kutafuta msaada wanapokwama bila kuharibiwa uhondo.

Madhara mengi hutokea hata kabla ukurasa haujafunguka. Ukianza kuandika jina la mhusika kwenye Google, mapendekezo yanakumalizia sentensi: kafa, kasaliti, ni mtoto wa nani. Basi usitafute kwa jina la mtu. Andika jina la gemu, mahali ulipo na kinachokushinda, mfano ufunguo wa mlango wa ghorofa ya pili. YouTube ni hatari zaidi, kwa sababu picha ya video peke yake hutoboa siri, na ukitazama moja tu utaletewa nyingine za mwisho wa gemu hiyo hiyo. Simamisha kwanza historia ya utazamaji kwenye mipangilio.

Kwenye wiki, yaani tovuti za maelezo ya gemu zinazoandikwa na wachezaji wenyewe, kisanduku cha pembeni cha mhusika mara nyingi husema yu hai au amekufa, na jicho hukiona kabla hujasoma neno. Anayetaka asili ya ulimwengu wa gemu aingilie kurasa za vitu. Katika gemu ya Elden Ring ya 2022, historia nyingi imo kwenye maelezo ya silaha na vifaa vyenyewe. Soma maelezo ya ulichokwisha kuokota, usishuke hadi kwenye uchambuzi.

Msaada bora ni ule unaotolewa kidogo kidogo. Miaka ya 1980 kampuni ya gemu ya Infocom ya Marekani iliuza vijitabu vya madokezo vilivyoitwa InvisiClues. Majibu yalichapwa kwa wino usioonekana, ukayafichua moja moja kwa kalamu maalumu. Ndani walichanganya maswali ya uongo makusudi, ili asomaye maswali tu asibashiri yaliyo mbele. Mfumo wa madokezo wa Universal Hint System, ulioanza 1988, hufanya hivyo kwenye kompyuta: unachagua swali, unafungua dokezo moja, na jibu kamili huja mwisho. Ndivyo vitendawili vyetu vilivyo, jibu halitoki mpaka mji utolewe.

Kwa miongozo mirefu ya maandishi ya tovuti ya GameFAQs, usiteremke kwa kidole. Bonyeza Ctrl na F, au tumia utafutaji ndani ya ukurasa kwenye simu, uandike jina la chumba ulichomo. Orodha ya yaliyomo iruke, kwani mara nyingi hutaja maadui wakubwa wote.

Gemu ya Outer Wilds ya 2019, ya kuzuru sayari, ina hukumu yake. Humo hununui nguvu wala silaha; kinachokusogeza mbele ni ujuzi tu, hivyo jibu moja la kusimuliwa limekula sehemu ya gemu ambayo hairudi. Ukikwama, rudi kwenye kompyuta ya chombo chako cha angani. Huonyesha ni wapi pamebaki jambo la kugundua.

Nanyi, Mhariri, mkichapisha uchambuzi wa gemu, tafadhali andikeni juu kabisa unafika sehemu gani ya hadithi, na siri isiwekwe kwenye kichwa cha habari wala picha.

Mpenzi wa gemu,
Dar es Salaam