Swali moja halipimi subira

Mhariri,

Majaribio ya subira yanayosambaa huuliza swali moja: utachukua 100 leo au 120 baada ya mwezi? Anayejibu "leo" huambiwa hana subira. Hicho si kipimo. Jibu moja laonyesha mtu yuko upande gani wa mpaka, si mpaka wenyewe ulipo.

Mpaka hutafutwa hivi. Mpe achague kati ya 500 leo na 1,000 baada ya siku 30. Akikubali kungoja, pandisha ya leo iwe 750. Akichukua ya leo, ishushe iwe 250. Badiliko linalofuata ni 125, kisha nusu yake, na kadhalika. Kufikia swali la sita, kiasi huwa kimetulia pale ambapo kwake kupokea sasa na kungoja ni mamoja. Rudia kwa wiki, miezi sita na mwaka.

Tuseme kimetulia kwenye 800. Kwa kanuni ya mwanasaikolojia Mazur ya 1987, gawanya 1,000 kwa 800 upate 1.25, toa 1, kisha gawanya kwa siku 30: takriban 0.0083. Ndiyo k, namba inayoonyesha jinsi kungoja kunavyopunguza thamani ya malipo. Ikiwa kubwa, thamani hushuka upesi zaidi kadiri siku zinavyosogea. Asiye na kompyuta atumie hojaji ya mwanasaikolojia Kirby, maswali 27 ya karatasi, ingawa haimpimi vizuri aliye nje ya k ya 0.00016 hadi 0.25.

Makosa hutokea wapi? Kiasi kikubwa huleta k ndogo, kwa hiyo usilinganishe aliyeulizwa kuhusu 1,000 na aliyeulizwa kuhusu 100,000. Ukitaja tarehe badala ya idadi ya siku, watu huelekea kungoja zaidi. Lakini kubwa kuliko yote ni imani: ya leo iko mkononi, ya baadaye ni ahadi tu, na anayemtilia shaka mlipaji hana haraka, ana akili. Dawa yake ni kuchelewesha malipo yote mawili, kesho dhidi ya siku ya 31, kwa njia ileile ya malipo. Ila hapo unapoteza mvuto wa "sasa hivi", ambao pengine ndio uliotaka kuupima.

Kagua pia mfuatano wa majibu. Muda ukirefuka halafu kiasi cha leo anachokiona sawa na cha baadaye kikapanda kwa zaidi ya asilimia 20 ya zawadi ya baadaye, huenda mhojiwa hakuelewa au alijibu ovyo. Usimfute kabla ya kumsomea maelekezo upya.

Gazeti likichapisha jaribio la namna hii, tunaomba litaje viasi, muda na iwapo malipo yalikuwa ya kweli au ya kuwaziwa.

Wasomaji wenu