Barua kwa mwanangu: hiyo pikipiki usiipake rangi kwanza

Mwanangu,

Picha nimeziona zote mpaka ile ya eksozi iliyotoboka. Imechoka kweli, sikufichi, ila inafufuka. Sasa hiyo habari ya rangi nyeusi na taa za LED uliyoniandikia, mama, iweke pembeni kabisa, maana ukipaka leo kesho unashusha tangi, petroli inamwagikia rangi mpya inababuka na hela ishaenda.

Ukiwa na hela kidogo, kinachokumaliza ni kubahatisha kuliko hata bei ya spea. Haiwaki, unaambiwa nunua plagi, bado haiwaki, nunua koili, bado, leta kabureta mpya, mwisho mfuko mweupe na kumbe kajeti tu, kale katundu ka kupitishia petroli kwenye kabureta, kalikuwa kameziba. Kupima ni karibu na bure, so usinunue kitu mpaka ujue kibovu ni kipi. Na kabla hujashika spana linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, zikipishana usitie hata senti moja humo.

Bahati yako hiyo pikipiki ni Honda CG125. Honda walianza kuitoa miaka ya 1970, valvu zake zinasukumwa na pushrodi (vifimbo vya chuma), haina cheni ya taimingi ya kukusumbua, na imekopiwa sana kwa hiyo spea zake zipo mpya na za mtumba.

Anza na moto, yaani cheche ya plagi. Chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, iguse kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake (humo mnatoka mvuke wa petroli, usicheze), halafu piga kiki. Ukiona cheche kali ya bluu basi umeme wa moto uko sawa, achana na koili. Mwanya wa plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Moto ukiwepo, nenda kabureta. Pikipiki iliyolala muda mrefu petroli yake inakauka inakuwa kama gundi, na kanakoziba kwanza ni kale kajeti kadogo ka sailensa (kanakolisha injini ikiunguruma bila kuvuta mafuta). Kafungue taratibu, kainue kwenye mwanga uchungulie, unatakiwa uone kadoa ka mwanga kaduara kabisa, ukiona giza au mwanga uliokatika bado kachafu. Usikachokonoe na waya wa chuma, kenyewe ni shaba laini, ukikatanua tu imekula kwako, pikipiki itakunywa mafuta milele. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, loweka kwenye petroli, pitisha polepole. Zile skrubu za bakuli la kabureta usizilazimishe, kwenye pikipiki za Kijapani bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri inakula kichwa. Igonge kidogo na nyundo kwanza ndo uzungushe.

Tangi lenye kutu halitupwi. Funga koki, jaza siki, iache siku moja au mbili, mwaga, suuza na maji yenye bekingi soda, kausha hapohapo na pitisha petroli ndani, ukiichelewesha ikiwa na unyevu kutu inarudi kabla hujala chakula cha jioni. Na weka filta ya petroli, ni kitu cha bei ndogo mno.

Ikishawaka angalia moshi. Mweusi ni petroli nyingi, hiyo kabureta au filta ya hewa. Wa bluu ni oili inaungua, na hapo usikubali mtu yeyote afungue injini kwa maneno tu. Moshi huo ukitoka wakati wa kuwasha halafu ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu, lakini ukiendelea kila ukivuta mafuta, hapo ndo ringi za pistoni. Azima geji ya kompresheni (inapima mgandamizo ndani ya silinda), ichomeke kwenye tundu la plagi, vuta mafuta mpaka mwisho ushikilie, piga kiki mpaka mshale usimame. 125 yenye afya inatoa psi 150 hivi na kuendelea, ikiwa chini ya 100 inaumwa. Halafu tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana ni ringi na silinda, isipopanda tazama valvu au gaskiti ya hedi. Ila seti tapeti (mwanya wa valvu) kwanza injini ikiwa baridi, milimita 0.08, maana tapeti iliyobana sana nayo inakuibia kompresheni na watu wanaishia kununua pistoni bure.

Hela halisi sasa, ile ya kutoka mfukoni, ianzie chini. Matairi: ubavuni kuna tarakimu nne, 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, hilo hata kama kashata zimejaa limeshakuwa gumu, kwenye maji halishiki. Breki shuu badilisha, na lile vumbi la ndani ya dramu usilipulize na mdomo, shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, lifute na kitambaa kibichi. Cheni ivute kwa nyuma pale kwenye sproketi, ikiachia ukaona nusu ya jino, basi cheni imekwisha, na unanunua seti nzima pamoja na sproketi zote mbili, ukichanganya mpya na kuukuu inalika haraka. Oili iwe yenye maandishi ya JASO MA (alama ya oili ya pikipiki ambazo klachi inakaa ndani ya oili), ya gari usitie, klachi inaweza kuteleza.

Shokapu, siti, eksozi, hivyo vyote mtumba unatosha, eksozi hata kuchomelea.

Basi pima hiyo kompresheni unitumie namba zote mbili, ya kabla ya oili na ya baada, ndo tuongee kama kuna haja ya kushusha injini.

Baba