Mjomba, kiti kile cha ndege ni halali yako pia

Shikamoo mjomba.

Tangu Ramadhani nakupigia, hupokei. Najua umenuna. Basi nakuandikia hapa hadharani, maana wanaosema maneno kama yako ni wengi huko Mbagala na Temeke, watu wenzetu wa kisiwa cha Mafia, na wao nataka wayasikie haya.

Siku tuliyompandisha mama ndege uliniambia kwenye simu: "Mmechoma pesa za watu. Uwanja ule ni wa Wazungu, mngesubiri boti." Sikukujibu. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio, mkono mmoja simu, mkono mwingine nimeshika kanga ya mama iliyolowa mate. Leo nakujibu, mjomba, kwa heshima zote.

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi limekaza. Mama alianguka jikoni baada ya magharibi, akikuna nazi. Nilimkuta mdomo umekwenda upande, mbuzi imepinduka, machicha yametapakaa sakafuni, na mkono wake wa kulia nikiuinua unadondoka kama si wake. Hospitali walihangaika naye hadi alfajiri, kisha daktari akaandika rufaa ya Muhimbili. Siku hiyo boti haikutoka, na ya jana yake haikutoka, kwa sababu ya bahari. Hata kama ingetoka, ni saa nne hivi za mawimbi mpaka Nyamisati, bandari ya upande wa bara, halafu gari mpaka barabara ya Kilwa, halafu foleni ya Mbagala unayoijua wewe kuliko mimi.

Na bahari hiyo unaijua. Tangu usiku ule injini ya mashua ilipozimika karibu na midomo ya Rufiji, mkachota maji kwa ndoo mpaka kunakucha, hujakanyaga Kilindoni, mji wetu hapa kisiwani. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Ninachokuuliza ni kimoja: bahari iliyokushinda wewe mzima, ulitaka tumtie humo dada yako, nusu ya mwili haimtii?

Pesa unazosema tumezichoma zilipatikana hivi. Baada ya sala ya alfajiri imamu alisema neno moja tu, watu wakatoa. Akina mama wa kikoba walifungua sanduku kabla ya siku yake. Kijana mmoja wa pwani, ambaye mama alikuwa akimkopesha chai, alikuja na noti zilizogandana kwa magamba ya samaki, akaniwekea kiganjani na kuondoka bila kuhesabu. Ndiyo tiketi mbili, ya mgonjwa na ya mdogo wangu wa kumshika. Hao ndio "watu" ambao pesa zao zimechomwa, na hakuna hata mmoja wao aliyenung'unika.

Saa tatu asubuhi ndege ilitua. Ndogo, pangaboi moja puani, abiria 12 au 13 ikijaa. Saa nne kasoro mama alikuwa Dar es Salaam. Nusu saa, mjomba. Leo anatembea kwa mkongojo, na juzi amenigombeza kwa kutia chumvi nyingi kwenye mchuzi wa pweza.

Sasa hilo la Wazungu. Upande mmoja una haki, na historia inakusaidia. Ndege za kwanza kuruka kutoka kisiwa hiki hazikuja kwa ajili yetu. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakasafisha uwanja, wakaleta ndege zao kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Julai 11 mwaka huohuo, ndege kutoka Mafia zikiielekeza kutoka angani mizinga ya meli zao, manowari ile ikapata mwisho wake mle mikokoni. Vita vya wengine, juu ya vichwa vya babu zetu. Na hata leo, kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu, papa potwe, wale samaki wakubwa ambao wageni huja kuwaona, wakisogea mbele ya Kilindoni, wageni hujaa na viti huwa vya kugombania.

Lakini njoo ukae kibandani kwangu, pale karibu na lango la uwanja, siku moja tu kuanzia asubuhi. Mimi nawapikia vitumbua wasafiri, nawajua. Wageni wapo, ndiyo, na kofia zao na mapezi ya kuogelea. Wapo pia mwalimu aliyehamishwa kutoka bara na mke na mtoto mchanga, fundi anayerudi na kipuri cha mashine ya barafu amekipakata kama mtoto, mjamzito mwenye barua ya daktari, mzee anayewahi maziko Kariakoo. Wapo vijana wetu wanaofanya kazi hotelini Utende, wanasukuma mizigo ya wageni, na mshahara huo ndio unaonunua unga nyumbani. Asubuhi moja niliona maiti ya mtu wa Jibondo ikishushwa imefungwa vizuri, ndugu zake wakaipokea wakiwa kimya, na ndege nzima ikasubiri. Sijui ungeniambia nini siku ile kuhusu uwanja wa nani.

Ile njia ya kurukia uliyoiacha ya vumbi na kokoto siku hizi ni lami. Ilijengwa kwa fedha za Marekani, katika mradi wa Changamoto za Milenia uliomalizika 2013. Wewe ukisikia "fedha za Marekani" utasema nilikwambia. Mimi naangalia masika. Zamani mvua ikinyesha siku mbili tulikuwa tunatazama juu tukijiuliza rubani atathubutu. Siku hizi ukungu ukipanda tu, tunausikia mlio.

Nakubaliana nawe kwenye nauli, na hapa natamani sauti yangu ifike mbali. Nauli ni nzito. Mvuvi hawezi kumpeleka mtoto wake kliniki ya moyo kila miezi mitatu kwa bei ile, na michango haiwezi kufunguliwa kila wiki. Kisiwa kilichohesabiwa watu zaidi ya 66,000 kwenye sensa ya 2022 hakipaswi kutegemea sanduku la kikoba mgonjwa akizidiwa usiku. Nataka kila ndege iwe na viti viwili vya wagonjwa wa rufaa, kwa bei ambayo mtu wa Bweni au Kirongwe anaweza kuilipa, na serikali ijazie kilichobaki. Nimelisema kwenye mkutano wa kijiji, nitalisema tena. Lakini dawa ya nauli kubwa ni sisi kuudai uwanja. Tukiususia na kuuita wa wageni, basi tumewaachia kweli.

Mama anataka kukuona. Hajasema, lakini kila ndege ikitua saa tatu anageuza kiti chake upande wa barabara. Sisi wapwa wako tumeshachanga nauli yako, tafadhali usikatae.

Nenda uwanja wa ndege wa Dar, lile jengo la zamani, si jipya. Chukua begi laini, lisizidi kilo 15, maana wanapima. Usilete mchele, tunao. Lete ubani na ile dawa ya kuchua aliyoipenda mama. Ukiambiwa ukae mbele karibu na rubani, kubali, si tusi. Ukiwa nyuma, kaa upande wa kulia. Utaiona Rufiji yote ikigawanyika, mikoko imeishika bahari, na midomo ile iliyokutesa usiku kucha utaipita kwa dakika chache tu. Kisha minazi, mabati ya Kilindoni, umetua.

Kutoka langoni mpaka nyumbani ni mwendo wa miguu. Ukitaka bodaboda, nitakuwa nimeshamwita. Mama amesema kama unakuja Ijumaa atapika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Mpwa wako,
Kilindoni