Mwalimu, yule kijana wako mlete kwangu

Mwanjelwa, Mbeya

Mwalimu,

Habari za Iringa? Huku baridi imekaza, wateja wanataka makoti tu, vitenge vimelala kabatini. Watoto hawajambo, mama yao anakusalimu.

Umeniuliza habari ya yule kijana wa kikundi chako anayeigiza mwanamke kila mchezo, na sasa anasema hiyo ndiyo kazi atakayoishi nayo. Wazazi wamekuja juu, na wewe hujui umtetee vipi. Mimi si mtu wa sanaa, nitakujibu kifundi.

Kuna msanii wa mavazi na jukwaa aliitwa Leigh Bowery. Alizaliwa 1961 Sunshine, kitongoji cha Melbourne huko Australia. Alisomea mitindo kidogo, akaacha, na 1980 akahamia London. Alianzia kazi Burger King, huku anashona. Mwaka 1985 akawa mwenyeji wa klabu iliyoitwa Taboo. Mlangoni alisimama mtu ameshika kioo: jitazame, ungekuwa wewe ungejiruhusu kuingia?

Watu humweka kundi moja na wanaume wanaovaa kike jukwaani. Mimi sikubali sana. Yule mchekeshaji wetu Joti akivaa gauni unamjua mama anayeigizwa, hata mtaani kwako yupo, ndiyo maana unacheka. Bowery hakumwigiza mama yeyote. Alikuwa jitu refu, nene, na unene hakuuficha: aliubana kwa koseti na utepe wa gundi hadi nyama zikapanda kifuani zikawa matiti. Siku nyingine alifunika uso mzima kwa kitambaa, au alijimwagia rangi kichwani ikachuruzika hadi shingoni. Mashavu aliyatoboa, akapitisha pini za kushikia mdomo wa bandia. Sisi tunachukua vipimo tunafuata mwili. Yeye alishona kwanza, mwili ukajitafutia pa kukaa.

Lakini lililoninyima usingizi ni onyesho lake kwenye Wigstock, tamasha la wanaume wanaovaa kike, New York, 1993. Akapanda jukwaani ana tumbo kubwa, akaimba, kisha akalala chali na "kujifungua" mtu mzima! Alikuwa Nicola Bateman, fundi mwenzake wa kudarizi, aliyekuwa amefungwa kwa mikanda tumboni mwake, kichwa chini, ndani ya nguo muda wote ule. Akatoka amepakwa damu ya bandia, na kitovu chake ni mnyororo wa soseji. Wewe utaona mchezo. Mimi naona uzito wa mtu mzima unaning'inia kwenye mshono. Uzi wetu wa kawaida ungeachia kabla ya ubeti wa pili. Hapo ni mkanda mgumu kama wa begi la jeshi, na kila kona ishonwe msalaba. Halafu kwa nje nguo ikae kama haina kitu! Na hao wawili walikuja kuoana 1994.

Mwaka 1988 aliwahi kukaa kwenye jumba la sanaa la Anthony d'Offay, London, nyuma ya kioo: watu wanamwona, yeye anajiona mwenyewe tu. Baadaye mchoraji Lucian Freud akamchora uchi, bila hata uzi mmoja wa kazi yake. Ukimwi, aliouficha hata kwa marafiki wengi, ulimwua tarehe 31 Desemba 1994, ana miaka 33. Mwaka 2025 Tate Modern, jumba la sanaa la London, waliandaa maonyesho makubwa juu yake.

Sasa wazazi. Usiwatajie London wala soseji, watakufukuza. Waambie hivi: hata Bowery alishonea wengine, yakiwemo mavazi ya wacheza densi wa Michael Clark. Jukwaa huita leo, kesho likanyamaza; cherehani ina wateja mwaka mzima, makoti haya ni ushahidi. Kijana akijua kukata na kuweka bitana, atajivalisha atakavyo na bado atalipa kodi ya chumba.

Shule zikifungwa mpandishe basi. Hapa atalala na vijana wangu, chakula kipo, ada sitaki. Vitambaa vya kujifunzia tutachambua mitumba ya soko la Sido. Aje tu na mkasi wake, maana wangu siazimishi mtu.

Wako,
Fundi