Barua kwa Somo Yangu Kuhusu Udaktari wa Ngozi

Moshi,
Mwezi Julai.

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto wote hapo Tanga. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Julai imeshika kweli kweli, na wagonjwa wenye ngozi iliyokauka na kupasuka wameanza kujaa kliniki kama ilivyo ada ya msimu huu. Barua yako nimeisoma kwa makini. Umeniuliza kama binti yako aachwe achague magonjwa ya ngozi, hali baba yake anaona kwamba huo ni udaktari wa kupaka watu krimu, na pia umeniuliza upake nini ili madoa meusi ya mashavuni yaondoke. Nitayajibu kwa pamoja, kwa sababu kadiri ninavyoifahamu kazi hii, sehemu yake kubwa ni kujua cha kumwondolea mgonjwa kabla ya kufikiri cha kumpaka.

Kuhusu njia yenyewe, binti ameshavuka mahali pagumu. Amesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano na sita, amemaliza miaka mitano ya shahada ya udaktari, na sasa yumo katika mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, ambao bila huo Baraza la Madaktari Tanganyika halimpi usajili kamili. Kinachobaki ni shahada ya uzamili ya magonjwa ya ngozi na zinaa, ambayo huchukua miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Ushauri wangu ni kwamba asiikimbilie. Akafanye kazi kwanza katika hospitali ya wilaya, mahali ambapo dawa za kupaka ni chache na foleni ni ndefu, kwa sababu huko ndiko atakakoona mapunye, upele, ukurutu wa watoto na vidonda vya miguu kwa wingi ambao hospitali kubwa haiwezi kumwonyesha, na atajifunza kutibu kwa kile kilichopo badala ya kile kilichoandikwa kitabuni.

Shemeji anayesema huu ni udaktari wa warembo ningependa siku moja aje akae nasi asubuhi moja tu. Hapa KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, tangu mwaka 1992, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika la kimataifa la madaktari wa ngozi, International Foundation for Dermatology. Waanzilishi wake walitambua jambo ambalo hadi leo ni kweli, kwamba madaktari bingwa hawatatosha kamwe kuwafikia watu wa vijijini, kwa hiyo wakaanza kuwafundisha matabibu kwa miaka miwili na kuwarudisha katika wilaya zao, si Tanzania pekee bali katika nchi nyingi za Afrika. Ukienda mahali pa mbali ukamkuta tabibu anayeijua ngozi sawasawa, huenda amepita hapa. Hapa pia ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun, yenye SPF 30, yaani kipimo cha kukinga jua, kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao bila kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya namna hiyo hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Daktari anayemkagua mtoto mwenye ualbino kila baada ya miezi michache, akiondoa kidonda kidogo kabla hakijawa kikubwa, anaokoa maisha kama anavyookoa daktari wa upasuaji, ila hapigiwi makofi.

Isitoshe, ngozi husema mengi kuhusu yaliyomo ndani. Kijana akija na mkanda wa jeshi, tunamshauri apime virusi vya Ukimwi, kwa kuwa mkanda huo huwatokea zaidi wazee na watu ambao kinga yao imeshuka. Mtu akija na baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa uzi wa pamba hahisi chochote, hapo tunafikiria ukoma, na dawa zake ni za bure na huponya kabisa kwa miezi sita au kumi na miwili, mradi agundulike kabla neva hazijaharibika. Vitu hivi havihitaji mashine ya gharama kubwa. Vinahitaji mwanga mzuri, macho yasiyo na haraka, na mkono usioogopa kumgusa mtu ambaye majirani wameacha kumgusa.

Kuna jambo moja ambalo binti ajue mapema. Vitabu vingi vya fani hii vilitungwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na kila ukurasa hueleza wekundu. Katika ngozi yetu wekundu huo mara nyingi huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokoza, na anayesubiri kuona rangi nyekundu atapitwa na ugonjwa. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisoma London, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha picha za dalili katika ngozi nyeusi, na dunia ikashangaa kana kwamba ni habari mpya. Sisi huku hatukushangaa sana. Binti yako, akisomea hapa nyumbani, atakuwa na faida ambayo wenzake wa Ulaya hawana, na aitumie.

Sasa nije kwenye lile la kuondoa. Mgonjwa akiketi mbele yangu, swali langu la kwanza si linamwasha wapi, bali amepaka nini. Karibu kila mtu hujibu kwamba hajapaka kitu. Kwa hiyo nimezoea kumwomba arudi na vyote vilivyo kabatini kwake, na anarudi na mfuko. Humo utakuta sabuni ya dawa ya kuulia vijidudu, dodoki gumu, krimu mbili au tatu za dukani, majani aliyotwangiwa na jirani, na chini kabisa, ndani ya kopo lisilo na lebo, mkorogo wa kujichubua. Ugonjwa wa awali pengine ulikuwa ukavu tu wa ngozi au fangasi wa kawaida, lakini sasa haujulikani tena umbo lake. Krimu zinazochanganya steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria katika tyubu moja ndizo zinazonikasirisha zaidi, kwa sababu kwa siku chache muwasho hutulia na mgonjwa humshukuru muuza duka, kumbe fangasi anaendelea kutambaa chini kwa chini akiwa amepoteza ile duara yake inayomtambulisha.

Kuhusu mkorogo sitakuhubiria, kwani najua hutumii, lakini najua pia kwamba katika harusi za huko mwali hupewa vitu kabla ya siku yake, na si vyote ni singo na liwa. Na singo sina ugomvi nayo, ilimradi isisuguliwe kwa nguvu. Shida ni yale makopo. Ndani yake huwa na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, zebaki au steroidi ya nguvu kama klobetasoli, na wakati mwingine zote pamoja. Steroidi hukondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana, huleta michirizi na chunusi, na ikipakwa mwili mzima kwa miezi mingi huingia katika damu, ikapandisha sukari na shinikizo la damu. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta weusi wa kibuluu mashavuni ambao ni mgumu sana kuutibu, yaani mtu hupata kile kile alichokuwa akikikimbia. Ikiwa yupo mtu kwenu aliyezoea krimu kali kwa muda mrefu, asiiache ghafla peke yake. Amwone daktari apunguziwe taratibu, kwa maana ngozi iliyozoea steroidi huwaka na kuvimba ikinyimwa, na hapo ndipo wengi huirudia wakidhani ilikuwa ikiwasaidia.

Kwa madoa yako mwenyewe, kwa maelezo uliyonipa ya mabaka ya kahawia yanayolingana mashavu yote mawili na paji la uso, yaliyoanza wakati wa mimba ya mwisho, naelekea kuamini ni melasma, ambayo husababishwa na homoni na jua kwa pamoja. Bila kukuona siwezi kuapa. Anza kwa kuacha vyote unavyopaka usoni kwa muda, pamoja na lile tona lenye spiriti uliloletewa kutoka Dubai, na uoshe uso mara mbili kwa siku kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na manukato, kwa viganja vya mikono. Dodoki libaki la miguuni. Kisha tafuta mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Wengi wetu huamini kwamba mtu mweusi hayahitaji, na ni kweli kwamba weusi wetu unatukinga sana na saratani, lakini haumkingi mtu na madoa. Hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchochea weusi katika ngozi kama yetu, ndiyo maana kwa melasma napendelea mafuta yenye rangi, ambayo yana oksidi ya chuma, kuliko yale meupe yanayoacha uso kama wa mtu aliyepakwa unga. Paka ya kutosha, kiasi cha mistari miwili juu ya vidole viwili kwa uso na shingo, na urudie ukikaa nje. Ukiwa kwenye daladala jua linapiga kupitia kioo, na sehemu ya mionzi inayotia weusi hupita kioo hicho. Mtandio na mwavuli vinasaidia kama mafuta, na havina gharama ya kila mwezi.

Usitarajie badiliko la haraka. Tabaka la juu la ngozi huchukua takriban mwezi mmoja kujibadilisha, na rangi iliyozama chini huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo tutazungumza juu ya dawa baada ya miezi mitatu ya kujikinga, si kabla. Chunusi za mdogo wako ni vivyo hivyo. Dawa sahihi huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuhukumiwa, na wengi huziacha katika wiki ya tatu, tena wanazikamua, jambo linaloacha doa jeusi linaloishi muda mrefu kuliko chunusi yenyewe.

Kwa mwili mzima mnahitaji vitu vichache. Maji yasiwe ya moto sana, sabuni ya dawa isitumike kila siku, na mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu mara baada ya kuoga. Mafuta ya mgando ya kawaida, yale ya bei ndogo yasiyo na harufu, huzuia maji kutoka katika ngozi vizuri kuliko losheni nyingi za bei kubwa, na kwa mtoto mwenye ukurutu ndiyo ninayoyaandika kwanza. Usoni kwa mwenye chunusi yasitumike. Mapunye ya mjukuu hayatapona kwa kupaka, kwa kuwa fangasi amekaa ndani ya shina la nywele. Anahitaji vidonge vya griseofulvini kwa wiki sita hadi nane, na avimeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa inyonywe vizuri. Na kama ule muwasho wa usiku unaoipata nyumba nzima ni upele, watibiwe wote siku moja, hata asiyejikuna, na mjue kwamba muwasho unaweza kuendelea wiki mbili tatu baada ya wadudu kufa. Wasirudie dawa kila siku kwa hofu.

Kijana wako wa kiume mwenye vipele vya ndevu aache wembe kwa muda na atumie mashine ya kunyolea inayoacha kinyweleo kifupi juu ya ngozi. Kinyozi atalalamika. Alalamike tu.

Jambo lililonishtua zaidi katika barua yako umelitaja kwa kupita, mwishoni, kwamba shemeji ana alama nyeusi chini ya unyayo ambayo inapanuka na hana habari nayo kwa kuwa haimuumi. Mkumbushe, yeye mpenzi wa rege, kwamba Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Saratani hiyo ni nadra kwetu, lakini inapotutokea hupenda nyayo, viganja na kucha, mahali ambapo jua halifiki na hakuna anayepatazama. Inawezekana kabisa ikawa ni alama ya damu iliyovilia kwa kiatu. Hata hivyo aende hospitali ya Bombo hapo Tanga wiki hii, asiikwangue wala kuikata kwa wembe, na wakisema inahitaji kuchukuliwa kipande cha kupima, akubali. Nawe mchana, karibu na dirisha, ipige picha kwa simu, ukiweka rula pembeni, bila kile kirembesha picha mnachokipenda, unitumie.

Binti mwambie aniandikie mwenyewe. Akipata likizo kabla ya kumaliza mafunzo yake, aje akae kwangu, chumba kipo, nitamwombea ruhusa aingie kliniki nasi. Aje na koti zito, na viatu vya kusimamia mchana kutwa.

Nisalimie mama na wote hapo nyumbani.

Wako akupendaye,
Somo yako