Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: naomba tarehe tu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, mwanangu amelala mapajani. Jana alinyimwa titi tangu saa 10 alfajiri kwa kuwa alipangiwa kupasuliwa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Saa 7 mchana nesi akaja: mama, mnyonyeshe tu, leo haiwezekani. Ni mara ya 4 hiyo.

Fuvu la mtoto mchanga lina mishono inayouachia ubongo nafasi ya kukua. Wa mwanangu, ule unaotoka utosini kwenda kisogoni, umeziba kabla ya wakati, ndiyo maana kichwa kinarefuka kwenda nyuma. Mtaani wanamwita Embe. Mama mkwe alimkanda kwa kitambaa cha moto miezi 2. Simlaumu, hata kliniki walisema kitakaa sawa chenyewe.

Daktari aliyeligundua tatizo alinieleza vizuri. Akiwahiwa ndani ya miezi ya mwanzo, mfupa ungali mwembamba, kazi huwa ndogo. Akichelewa, fuvu linafumuliwa na kupangwa upya, na kitoto cha kilo 7 damu yake yote haifiki hata lita 1. Tulifika hapa ana miezi 3. Sasa ana 8.

Mara ya kwanza damu haikuwepo. Mume wangu akatoa, shemeji akatoa. Ya pili, kitanda cha uangalizi maalumu kilikosekana. Ya tatu sikuambiwa kitu. Jana, kwa taarifa za wafagizi, ambao ndio wasemaji wetu siku hizi, mashine ya usingizi imekufa. Wengine wanasema daktari yuko semina. Mimi nahisi wenye wajomba wanatangulia.

Nilikuona kwenye televisheni ukikata utepe. Utepe ulipendeza. Ukasema watoto chini ya miaka 5 wanatibiwa bure. Sawa, upasuaji sijadaiwa, maana haujafanyika. Vipimo nimelipa, nauli ya Ifakara nimelipa mara 4, na meza yangu ya mihogo imefungwa tangu Machi. Cha bure nilichokwisha kupata ni kungoja.

Siombi hospitali mpya. Siombi kupelekwa India. Naomba tarehe, na siku hiyo ikifika mwanangu asinyimwe titi halafu arudishwe. Faili lake wanalo. Tarehe tu, Mheshimiwa. Hata ikija usiku, mimi niko hapa hapa benchini.

Wako mtiifu, bado,
Mama Baraka