Vipimo viko sawa, mgonjwa hayuko sawa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi niliugua korona, homa na kikohozi vikaisha ndani ya wiki mbili na wala sikulazwa, ila mwili ukagoma kurudi. Miezi mitano baadae nafua nguo tatu leo, kesho siamki, miguu kama imejazwa mchanga, na nikiwa naongea na mtu neno linanipotea katikati, nabaki nimeshika kikombe namwangalia tu.

Nikaenda hospitali zaidi ya mara moja. Damu sawa, eksirei sawa, oksijeni nikiwa nimekaa kwenye kiti iko sawa, nikaambiwa ni mawazo. Daktari mwingine akasema nisizembee, nitembee kila siku na niongeze mwendo, nikamtii kwa moyo wote, wiki ya pili nikaanguka chini nikalala siku tisa, hata mwanga wa dirishani ulikua unaniumiza.

Ndo maana naandika. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu Oktoba 2021 limeshaeleza hali hii ya dalili kubaki baada ya korona (long COVID), dalili zipo miezi 3 tangu maambukizi, zimedumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kukwambia unayo au huna. Kwa hiyo ni kweli daktari lazima aangalie kwanza upungufu wa damu, thairoidi (tezi ya shingoni), sukari, moyo na mapafu, hapo sina ugomvi, ugomvi wangu ni pale majibu yakitoka mazuri faili linafungwa na mtu anarudishwa nyumbani na ugonjwa wake.

Aliyenisaidia ni mtaalamu mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Alinilaza akapima mapigo ya moyo, 74 kwa dakika, akanisimamisha dakika 10 huku anaendelea kupima, yakafika 118 na mimi sijapiga hata hatua. Kwa mtu mzima yakipanda 30 au zaidi na yakabaki huko juu, hiyo inatakiwa kufuatiliwa, sio mawazo hayo jamani. Alafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, ukifanya kazi leo, kesho na keshokutwa unakuaje? Nililia pale pale.

Swali hilo ndo linaamua utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wake, uende vipi. Mwongozo wa WHO wa Septemba 2022 unataka mtu asianzishiwe mazoezi kabla ya kuhakikisha oksijeni haishuki akijishughulisha na moyo hauna shida, na yule ambae dalili zinamrudia kwa nguvu baada ya kazi afundishwe kugawa nguvu zake, sio kusukumwa. Mimi sahivi naoga nimekaa kwenye stuli, napika kwa awamu, napumzika kabla sijachoka, na kwenye daftari naandika nilichofanya na siku mbili zilizofuata zilikuaje. Sijapona, ila sijaanguka tena kama zile siku tisa.

Wenzangu mnaoumwa, nendeni na hilo daftari, na muombe kupimwa mapigo ya moyo mkiwa mmesimama. Na nyie madaktari wetu, nawaomba sana, kabla hamjamwambia mtu akafanye mazoezi muulizeni kesho yake inakuaje.

Msomaji wako